Ugomvi wa RAM na prosesa Langoni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kompyuta ya kisa hiki iko chumba cha juu katika nyumba moja ya Langoni, Lamu, na mwenyewe ni bibi anayepiga video za harusi upande wa wanawake. Upande huo ndio uliofanya mambo yawe magumu. Siku ya kupamba mabuibui huvuliwa, ngoma hupigwa, bibi harusi hukalishwa na maua na dhahabu zake atazamwe, na picha za siku hiyo hazitakiwi kuonwa na mwanamume wa nje. Faili haziwezi kupelekwa studio ya Mombasa zikafanyiwa kazi na kijana yeyote aliye zamu. Anayepiga ndiye anayehariri, tena kwa mashine iliyoko nyumbani, na mashine ikikwama kazi nayo imekwama.

Mashine yenyewe si mbovu. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ni AMD Ryzen 5 5600G, toleo la mwaka 2021, yenye viini 6 na grafiki, sehemu ya kuchakata picha, iliyojengwa humo humo ndani. Diski ni ya SSD. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo prosesa huitumia ikiwa kazini, ilikuwa kipande kimoja cha gigabaiti 16, aina ya DDR4, kibandiko chake kimeandikwa mwendo wa 3200. Ubao mama una matundu manne ya RAM, yote meusi. Ilinunuliwa Mombasa ikiwa tayari imefungwa, ikaletwa kwa gari hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, na kwa muda mrefu haikumsumbua mtu kwa sababu kamera ya zamani ilikuwa ya picha za 1080.

Taabu ilianza aliponunua kamera ya 4K, ambayo picha yake ina nukta mara nne ya zile za 1080. Akicheza video ndani ya programu ya kuhariri, hasa akishatia rangi na kusafisha chengachenga za picha zilizopigwa usiku ukumbini, picha inakwamakwama. Taarabu inaendelea, mchezaji amesimama mkono hewani. Pili, faili la mwisho linachukua muda mrefu kutoka. Hayo ni malalamiko mawili, na namwomba msomaji asiyachanganye kama walivyoyachanganya waliogombana.

Ilikuwa Shaaban, harusi zimepandana kabla ya Ramadhani, na kila mtu wa familia mwenye simu alikuwa na rai.

Watu watatu na kweli zao

Wa kwanza ni fundi mwenye duka dogo pembezoni mwa Usita wa Mui. Huyu alisema RAM. "Mama, 4K inataka thelathini na mbili. Kumi na sita ni ya kuandikia barua." Hakusema tu, alikwenda. Bibi alitoa diski kwanza akaifungia kabatini, kisha fundi akachomeka kipande kingine cha gigabaiti 16 kwenye tundu lililo jirani na kile cha zamani. Mashine ikawaka, ikasoma 32. Diski ikarudishwa, video ikachezwa, na ikakwama pale pale.

Wa pili ni mpwa wa kiume, anasoma kompyuta chuo kikuu Mombasa. Yeye tangu mwanzo alikuwa akisema tatizo ni prosesa, na RAM mpya iliposhindwa kufanya lolote akaona ameshinda kesi. Hoja zake hazikuwa za kubuni. Alieleza kwamba 5600G ina kashe, ile akiba ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa, ya ngazi ya tatu ya megabaiti 16, nusu ya ile ya ndugu yake 5600X yenye 32, na kwamba mwaka 2022 AMD ilitoa 5800X3D yenye megabaiti 96 na ikaziacha nyuma nyingi kwenye michezo. "Shangazi, umeuziwa prosesa iliyokatwa mkia. Nunua ya viini 8 uachane na hawa." Akaomba picha ya kioo mashine ikiwa inacheza video. Kipimo cha grafiki kilisoma asilimia mia. Akaituma kwa kila mtu.

Wa tatu ni binamu aliye Muscat. Kwake wote wawili walikuwa wanapoteza muda. Dawa ni Mac, kompyuta ya kampuni ya Apple, kwa sababu kumbukumbu yake ni ya pamoja, prosesa na grafiki zinakula kwenye akiba moja, na gigabaiti 8 za huko ni sawa na 16 za kwingine. Akaongeza kwamba prosesa za aina ya ARM, kama zilizomo kwenye Mac hizo, ni nyepesi kwa maumbile, na hizi za Intel na AMD zimebeba mizigo ya miaka ya sabini.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mpwa na binamu walikesha wakibishana kuhusu amri fupi na amri ndefu za prosesa, mjadala ulioanza Marekani kabla hawajazaliwa. ARM ya kwanza ilitengenezwa Cambridge mwaka 1985 na Sophie Wilson na Steve Furber, ndiyo. Na ni kweli pia kwamba tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 prosesa za Intel huzivunja amri zao ndefu kuwa vijiamri vifupi kabla ya kuzitekeleza, kwa hiyo mpaka wanaougombania umechakaa. Hakuna hata sentensi moja ya usiku ule iliyohusu video ya shangazi. Kijana akamwita fundi "fundi wa vioo vya simu," akisahau kwamba anasema na mtu wa rika la baba yake. Fundi akajibu kwamba yeye hafundishwi na mtu aliyeijua kompyuta kwenye karatasi. Bibi akaacha kusikiliza rekodi zao za sauti.

Mimi nafundisha kompyuta hapa mjini, na niliitwa kama mtu wa kusuluhisha. Nilikataa kusuluhisha. Nilichosema ni kwamba nataka kuiona mashine ikiwa kazini, mwenyewe akiwa ameshika kipanya, na video iwe ya mashindano ya majahazi, isiwe ya kupamba.

Mashine inangoja nini?

Swali la fundi lilikuwa "RAM ni ngapi?" Swali la mpwa lilikuwa "prosesa ni gani?" Yote mawili yanajibika kwa kusoma sanduku. Lakini video inapokwama, kuna kifaa kinachofanya kazi na kuna kifaa kinachongoja, na sanduku halitakuambia ni kipi.

Nyumba ya mawe ikijengwa Mkomani, mawe na mchanga hushushwa ufukoni yakapandishwa kwa punda kupitia vichochoro. Mwashi anaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko wote kisiwani, lakini jiwe lisipofika atakaa na mwiko wake. Hapo kuna mambo matatu ambayo watu huyatia kapu moja. Kuna wingi wa mawe yaliyoko ufukoni. Kuna muda anaochukua punda mmoja kutoka ufukoni hadi juu. Na kuna idadi ya punda wanaoweza kupita kichochoroni kwa saa. La kwanza ndilo lile la gigabaiti 16 au 32. La pili ni ucheleweshaji, unaopimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. La tatu ni uwezo wa njia, unaopimwa kwa gigabaiti kwa sekunde. Kashe ni yale mawe machache yaliyorundikwa miguuni pa mwashi. Ukiongeza mawe ufukoni, kichochoro hakipanuki, na ukileta waashi wawili zaidi utakuwa na watu watatu waliokaa.

Wanaojenga mashine hizi wanalijua jambo hili zamani. Mwanasayansi wa kompyuta John Backus alilizungumzia mwaka 1977 alipopokea tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani hii, akilaumu ule mrija mwembamba unaounganisha prosesa na kumbukumbu, unaolazimisha kila kitu kupita tone kwa tone. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee waliandika onyo fupi kwamba mwendo wa prosesa unakua haraka kuliko mwendo wa kumbukumbu, na kwamba prosesa itafika mahali inagonga ukuta. Ukuta huo tunaishi nao. Kwenye mwendo wa gigahezi 4, yaani mizunguko bilioni nne kwa sekunde, ombi linalochukua nanosekunde 80 kurudi kutoka kwenye RAM limeifanya prosesa ipoteze mizunguko 320. Sababu iko ndani ya RAM yenyewe: kila biti ni chaji ndogo ya umeme kwenye chombo kidogo kinachovuja, muundo aliousajili Robert Dennard wa IBM miaka ya sitini, na chombo hicho lazima kijazwe upya kila milisekunde 64 hata kama hakuna anayekisoma. Ni rahisi na inashikana sana, ndiyo maana tuna gigabaiti nyingi kwa bei tunayoimudu. Lakini wepesi wake wa kujibu haujasonga mbele kama wa prosesa.

Turudi Langoni. Wakati video inacheza nilitazama vipimo vyote pamoja. RAM haikujaa, hata kabla ya kipande cha pili haikuwa imejaa, na mwenyewe alikuwa na picha za kioo za siku zile kuthibitisha. Diski ilikuwa karibu imelala. Hilo linafuta hoja ya ukubwa: RAM ikikosa nafasi, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski huonekana ikihangaika. Viini vya prosesa vilikuwa vimetumika chini ya nusu. Grafiki peke yake ilisoma mia.

Mpwa alikiona kipimo hicho akasema grafiki ya prosesa imeshindwa nguvu. Ni kosa linalofanywa hata na watu wazima wa kazi hii. Kipimo hicho huonyesha kwamba grafiki imepewa kazi na haijaimaliza. Hakitenganishi kati ya kukokotoa na kungojea data ifike ili ikokotolewe. Kipimo cha prosesa nacho ni hivyo hivyo: kiini kinachongoja RAM huhesabiwa kuwa kina shughuli.

Nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha prosesa na RAM zinavyofanya kazi. Chini ya kumbukumbu palikuwa na mambo mawili. Chaneli: moja. Mwendo: megahezi 1066.

Mpwa, aliyekuwa akifuatilia kwa simu, akaruka: duka limemwibia shangazi, RAM ya 3200 imesoma 1066! Nusu ya shtaka hilo huanguka papo hapo. RAM ya DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo 1066 ni 2133 kwa hesabu ya kibandiko. Nusu ya pili ilikuwa kweli, ila si wizi. Kipande kinachouzwa kama 3200 mara nyingi huwaka kwa mwendo wa tahadhari, na ule mwendo wa kibandiko huwashwa kwa mkono ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Aliyeifunga mashine hii hakuuwasha.

Na ile chaneli moja? Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Prosesa hii ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, kila moja yenye upana wa biti 64. Kwenye ubao wa matundu manne, mawili ya kwanza ni ya njia ya kwanza na mawili ya mwisho ni ya njia ya pili. Kitabu cha ubao kwa kawaida huagiza vipande viwili vikae tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande cha zamani kilikuwa katika tundu la pili, sawasawa. Fundi alichomeka kipya katika tundu la kwanza, kwa kuwa lilikuwa karibu na halikuzibwa na waya. Vipande viwili, njia moja. Mashine ikahesabu gigabaiti 32, kila mtu akaamini RAM imeshajaribiwa na kushindwa.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hili ndilo lililougeuza mzozo wa kawaida kuwa ugomvi. Jaribio lilifanyika, likaonekana na wote, na likatoa jibu la uongo. Mpwa hakuwa mkaidi wa bure. Alikuwa na ushahidi mkononi. Fundi naye hakuwa na la kujitetea ila uzoefu, na mtu akibaki na uzoefu tu mbele ya kijana mwenye ushahidi, hupandisha sauti.

Hesabu ya fremu moja

Njia moja ya biti 64 hubeba baiti 8 kila mpigo. Kwa mipigo milioni 2133 kwa sekunde, ni gigabaiti 17 kwa sekunde. Huo ndio uliokuwa uwezo wote wa mashine: wa viini sita, wa grafiki, wa mfumo, wa kila kitu, kwa sababu grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina RAM yake.

Sasa video. Fremu moja ya 4K ni nukta 3840 kwa 2160, yaani nukta 8,294,400. Programu za kuhariri zinazojali rangi hukokotoa kila nukta kwa namba nne za biti 32, ambazo ni baiti 16. Fremu moja inakuwa kama megabaiti 133. Kwa fremu 25 kwa sekunde, ni gigabaiti 3.3. Kila hatua ya kazi, iwe rangi, iwe kusafisha, iwe kupunguza ukubwa ili ionekane kwenye kioo, huisoma fremu na kuiandika tena, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 6.6. Hatua tatu zinafika karibu 20, na njia ina 17. Programu nzuri huunganisha hatua ili zisirudie safari, kwa hiyo hesabu hii ni ya jumlajumla, lakini inaonyesha mahali maji yalipozidi unga. Tena kusafisha chengachenga hutazama fremu kadhaa za jirani kwa pamoja, kwa hiyo hula zaidi.

Hesabu hiyo hiyo inajibu hoja ya kashe. Megabaiti 16 au 32 haziwezi kushika fremu ya megabaiti 133. Hata zile 96 za 5800X3D hazitoshi. Kashe kubwa hung'ara pale ambapo data ile ile hurudiwarudiwa, kama katika michezo mingi. Video hupita mara moja ikaenda zake, na kila fremu mpya lazima itoke mbali. Mpwa alikuwa amesoma vipimo vya kweli vya kazi nyingine.

Jaribio nililolitaka lilikuwa la kubadilisha kitu kimoja kila mara. Kwanza tuliingia BIOS tukauwasha mwendo wa 3200 bila kugusa matundu. Njia ikapanda kutoka gigabaiti 17 hadi 25.6. Majahazi yakaanza kwenda, kwa kushtukashtuka. Prosesa ni ile ile, grafiki ni ile ile, ukubwa wa RAM ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wa njia tu. Ingekuwa grafiki imeishiwa nguvu kama alivyosema mpwa, hatua hii isingeonekana kwa macho.

Kisha tukaizima, diski ikarudi kabatini, na fundi, niliyesisitiza aitwe awepo, akakihamisha kipande chake mwenyewe hadi tundu la nne. Kabla ya kukichomeka alikisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kama wanavyofanya mafundi wote wa pwani, na ana haki, hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na shaba. CPU-Z ikasoma chaneli mbili. Gigabaiti 51.2 kwa sekunde, mara tatu ya ilivyoanza.

Video ya kamera moja, na rangi zake na usafishaji wake, sasa inacheza bila kukwama. Kamera mbili kwa pamoja zikiwa na usafishaji mzito bado zinashtuka mara moja moja. Sitaki kumdanganya mtu: hii ni mashine ya bei ya kati yenye grafiki ndogo, haikugeuka studio ya filamu. Kwa kazi za kamera mbili nilimfundisha kutengeneza nakala nyepesi, ahariri kwa hizo, na programu irudie zile za asili wakati wa kutoa faili la mwisho.

Nani alikosea wapi

Fundi alikuwa sahihi kuhusu kifaa na si sahihi kuhusu sababu. Alitaka ukubwa, kumbe mashine ilitaka njia. Nilipozungumza naye peke yake aliniambia jambo ambalo lilinifanya nisimlaumu sana: laptopu nyingi zinazofika kwake ni za gigabaiti 4, na ukizitia 8 zinafufuka mbele ya macho ya mteja. Mtu aliyeliona hilo kwa miaka ana haki ya kuanza na RAM. Asichokuwa na haki nacho ni kuchomeka kipande bila kufungua kitabu cha ubao, kisha kupokea pesa bila kutazama kama chaneli zimekuwa mbili. Nilimwambia hivyo hivyo.

Mpwa alikuwa na haki kwenye lile lalamiko la pili, la faili la mwisho, na nilimwambia mbele ya shangazi yake. Muda wa kutoa faili ulipungua baada ya marekebisho, lakini si kwa kiasi kile, kwa sababu katika hatua ya kulibana faili viini vyote sita hujaa, na hapo kweli prosesa ya viini 8 ingewahi zaidi. Sema bibi hutoa faili akilala. Anabonyeza baada ya Isha, anaamka Alfajiri lipo. Kungoja huko hakumgharimu kitu. Kunakomgharimu ni kule kwa kukatakata, anapokaa saa nzima kuchagua pale ambapo bibi harusi ametabasamu, na kila akisogeza picha inamng'ang'ania. Kama angenunua prosesa ya viini 8 ya familia ile ile na kuiacha RAM kwenye njia moja, angelipa pesa nyingi kuongeza wanaongoja.

Binamu wa Muscat ndiye aliyenifikirisha zaidi, kwa sababu Mac ingeponya tatizo, ila kwa sababu tofauti na aliyoitaja. M1, prosesa ya Mac ya Novemba 2020, ina RAM iliyobandikwa pembeni mwake, na njia yake ya biti 128 hubeba kama gigabaiti 68 kwa sekunde. Upana huo ndio dawa. Ile sifa ya prosesa na grafiki kula akiba moja, aliyoitangaza kama muujiza, mashine ya Langoni ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ikiiumiza, maana walaji walikuwa wengi na njia nyembamba. Kuhusu 8 kuwa sawa na 16, maneno ya namna hiyo aliyasema ofisa wa Apple, Bob Borchers, mwaka 2023. Kubana data na diski yenye kasi husaidia kuficha uhaba, lakini fremu ya megabaiti 133 haipungui kwa kuhamia Mac. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe ilianza kuuza Mac zake mpya kwa gigabaiti 16 kama kiwango cha chini. Na RAM iliyobandikwa haiongezwi. Fundi wa Usita wa Mui hana tundu la kuchomeka chochote. Anayenunua lazima akadirie siku ya kwanza mahitaji ya miaka yote.

Lakini kama kuna wa kubeba lawama kubwa, kwangu ni duka lililoifunga mashine. Prosesa yenye grafiki ndani huuzwa kwa mtu asiye na kadi ya grafiki. Mtu huyo ndiye hasa anayehitaji njia zote mbili. Vipande viwili vya gigabaiti 8 vingegharimu karibu sawa na kimoja cha 16 na vingefanya kazi tofauti kabisa. Wauzaji hupenda kipande kimoja kwa sababu mteja husikia "unaweza kuongeza baadaye" akafurahi. Na kutowasha mwendo wa 3200 ni uvivu wa dakika mbili.

Kuna jambo jingine kuhusu joto la mabishano haya, na si la Lamu peke yake. Watu watatu hawa kila mmoja alikuwa na jambo la kweli aliloliona kwa macho yake, na kila mmoja alilichukua likiwa zima kutoka kwenye kazi nyingine: laptopu za gigabaiti 4, michezo, Mac ya nyumbani kwake. Hakuna aliyemuuliza bibi anabonyeza nini na picha inakwama wapi. Nilipomuuliza, alinieleza kwa sentensi moja: ikikosa rangi na usafishaji inacheza vizuri, nikivitia tu inakwama. Mtu aliyekaa na mashine yake alikuwa ameshatenganisha nusu ya tatizo. Hakupewa nafasi kwa sababu hakusema kwa maneno ya gigabaiti.

Kilichoamuliwa

Kipande cha pili kimebaki na fundi amelipwa bei yake, bila ujira wa kuchomeka, kwa rai yake mwenyewe. Vipande hivyo ni vya watengenezaji tofauti. Vimekubaliana kwa 3200, lakini nimemwachia bibi maelekezo kwamba mashine ikianza kuzimika ovyo, jambo la kwanza ni kuirudisha 2933, kabla ya kumwita mtu.

Kama kazi za kamera mbili zitazidi, hatua inayofuata si prosesa wala RAM. Ni kadi ya grafiki, ambayo huja na kumbukumbu yake na njia yake. Hata kadi ndogo yenye njia ya biti 128 na kumbukumbu ya GDDR6 yenye mwendo wa gigabiti 12 kwa sekunde kwa kila biti ya njia hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde, na humwachia prosesa zile 51.2 zote. Lazima iwe ya wati 75 au chini ili inywe umeme wa tundu lake tu, kwa kuwa sanduku la umeme la mashine hii ni dogo na halina waya wa ziada wa kadi. Ununuzi umeahirishwa hadi harusi za mfunguo mosi zilipwe. Mpwa amepewa kazi ya kutafuta bei Mombasa, na ameambiwa asinunue kabla ya fundi kupima nafasi ndani ya kasha.